Shajara ya mradi: kuiga ukuaji wa punje za metali kwa kompyuta

Wiki ya 1: lengo na kanuni

Kipande cha metali kwa kawaida si fuwele moja. Ni punje nyingi za fuwele zilizobanana, kila moja na safu zake za atomu zilizoelekea upande wake. Anayetaka kuziona bila hadubini aangalie bati jipya la zinki: yale maua yanayong'aa ni punje. Hizo zilizaliwa zinki ilipoganda, jambo tofauti na tunaloiga hapa. Sisi tunaiga kinachotokea baadaye, metali ngumu inapowekwa kwenye tanuri bila kuyeyushwa: punje kubwa humeza ndogo, idadi hupungua, na wastani wa ukubwa hupanda.

Kinachosukuma yote ni mpaka kati ya punje. Atomu za mpakani hazijakaa sawasawa, kwa hiyo zina nishati ya ziada. Mpaka uliopinda husogea kuelekea kitovu cha mpindo wake ili ufupike, kama ukuta wa povu la sabuni. Kwa fundi jambo hili lina uzito: E. O. Hall mwaka 1951 na N. J. Petch mwaka 1953 walionyesha kwamba chuma laini chenye punje ndogo huhitaji nguvu kubwa zaidi kabla hakijakunjika, nyongeza hiyo ikienda kinyume na kipeuo cha pili cha kipenyo cha punje.

Modeli ni ya Potts, kwa mtindo wa Anderson, Srolovitz, Grest na Sahni wa mwaka 1984. Metali inakuwa gridi ya seli, na kila seli ina namba ya utambulisho inayosema ni mali ya punje ipi. Seli mbili jirani zenye namba tofauti zinagharimu nishati. Zenye namba moja hazigharimu kitu. Jaribio moja linakwenda hivi: chagua seli, chagua mmoja wa majirani zake, uliza nishati ingebadilika kiasi gani seli ikichukua namba ya jirani huyo. Nishati ikipungua au ikibaki ilivyo, seli inabadilishwa. Ikiongezeka kwa Δ, inabadilishwa kwa uwezekano wa exp(−Δ/kT), ambapo kT ni kipimo cha joto la modeli.

Gridi ni 1024 × 1024, yaani seli 1,048,576. Majaribio mengi kiasi hicho ndiyo duru moja, na duru ndiyo saa yetu. Kingo zimeunganishwa: anayetoka kulia anaingia kushoto, anayetoka juu anaingia chini. Ukubwa ulichaguliwa uwe kipeo cha 2 ili kuzunguka kingo kufanywe kwa AND ya biti na 1023 badala ya kugawanya na kuchukua baki, operesheni ambayo ndani ya kitanzi kinachorudiwa mara bilioni haina huruma.

Uamuzi mmoja wa mapema: namba mpya inatoka kwa majirani tu, haichaguliwi kutoka namba zote zilizopo. Ukichagua kutoka zote, karibu kila jaribio ni la kupoteza, na joto likiwepo vijipunje huchipuka katikati ya punje kubwa. Mtaalamu wa mizani ya joto atalalamika kwamba uchaguzi huu hauheshimu ulinganifu wa kwenda na kurudi. Ni kweli. Lakini hatutafuti hali ya usawa. Tunafuatilia mipaka inavyosogea, na kwa hilo unatosha.

Wiki ya 2: gridi ina upendeleo wake

Mpaka wa kweli haujui kaskazini wala kusini, ila mpaka ulio kwenye gridi ya mraba unajua. Kiasi cha upendeleo kinapatikana kwa kalamu na karatasi, na tulikipata kabla ya kuandika msimbo. Kwa mpaka ulionyooka, hesabu viungo (jozi za seli jirani) vinavyokatwa kwa kila kipande cha urefu.

Ukihesabu majirani 4 tu, mpaka unaofuata mstari wa gridi unakata kiungo 1 na ule wa nyuzi 45 unakata 1.414. Tofauti ya asilimia 41. Ukihesabu majirani 8 kwa uzito sawa, kiwango cha chini ni 2.828, kwenye nyuzi 45, na cha juu ni 3.162, karibu na nyuzi 18. Uwiano umeshuka hadi 1.118, bora kuliko gridi ya pembetatu yenye majirani 6, ambayo uwiano wake ni 1.155. Ukiwapunguzia majirani wa pembeni (wanaogusana kwa kona tu) uzito kwa 1/√2, uwiano unafika 1.082.

Tulichukua njia ya mwisho, na hapo tukaingia shimoni. Uzito wa 0.70710678 uliwekwa kama namba ya desimali, na Δ ikapatikana kwa kujumlisha na kutoa. Mara nyingi jibu sahihi ni sifuri, lakini mashine ilirudisha vitu kama 0.0000000000000002. Sharti la "chini ya au sawa na sifuri" likakataa, na kwenye kT = 0 kukataliwa ni kukataliwa moja kwa moja. Mabadiliko ya gharama sifuri si mapambo: ndiyo yanayoruhusu ngazi ndogo kwenye mpaka ulionyooka itembee huku na huku. Ukiyazuia, mpaka unanata. Kwenye picha mipaka ilionekana safi na imenyooka vizuri kuliko kawaida, jambo ambalo lilipaswa kututia shaka.

Dawa ni namba kamili. Jirani wa moja kwa moja ana uzito 7, wa pembeni ana 5. Kwa kuwa 5/7 ni 0.714, upendeleo unabaki 1.083. Sifuri sasa ni sifuri kweli, na Δ haiwezi kutoka nje ya −48 na +48, kwa hiyo exp(−Δ/kT) inahesabiwa mara moja tu na kuwekwa kwenye jedwali dogo. Joto letu ni kT = 3.5 kwa vipimo hivi, sawa na nusu ya kiungo kimoja cha moja kwa moja. Kupanda kwa 7 kunakubaliwa kwa uwezekano wa 0.135, kupanda kwa 5 kwa 0.240. Joto hili ni la kulainisha gridi tu. Lisichanganywe na joto la tanuri.

Majirani 4 tuliwajaribu pia, makusudi. Punje moja ya duara inasinyaa bila shida hata kwenye kT = 0, ingawa umbo lake si duara tena. Lakini jaza gridi kwa punje nyingi na baada ya muda kila kitu kinasimama: mipaka inanyooka, makutano yanakuwa pembe mraba, na hakuna seli inayopata faida kwa kubadilika. Kwa hiyo anayejaribu msimbo wake kwa duara peke yake anaweza kuipitisha modeli ambayo itaganda kwenye kazi halisi.

Wiki ya 3: duara, na mbegu iliyopandwa mara nyingi mno

Duara hata hivyo ndicho kipimo chetu kikuu. Punje moja yenye nusu kipenyo cha seli 200 inawekwa katikati ya gridi ya 512 × 512. Eneo lake la kuanzia ni karibu seli 125,660. Nadharia inasema kasi ya mpaka inawiana na mpindo, kwa hiyo eneo linapungua kwa kiwango kilekile tangu mwanzo hadi mwisho: grafu ya eneo dhidi ya duru ni mstari ulionyooka. Mteremko wake tunauita c. Tunausoma kati ya eneo 100,000 na 20,000, kwa mbio 10 zenye mbegu tofauti (mbegu ni namba inayoanzisha mfululizo wa namba nasibu). Karibu na mwisho, nusu kipenyo kikishuka chini ya seli 10 hivi, gridi inaonekana kwenye umbo na mstari hauaminiki tena.

Msimbo umeandikwa kwa Python na kuharakishwa kwa Numba, chombo kinachotafsiri funksheni za Python kuwa msimbo wa mashine. Mbio za kwanza zilitoa mstari mzuri, ila kila mbio ilitoa namba tofauti hata tukitumia mbegu ileile. Sababu: kizalishi cha namba nasibu kilicho ndani ya funksheni za Numba si kile cha NumPy, maktaba ya hesabu ya Python. Kuita np.random.seed kutoka Python ya kawaida kunapanda mbegu kwenye shamba la jirani. Kizalishi cha Numba hakiguswi. Mbegu lazima ipandwe ndani ya funksheni iliyotafsiriwa na Numba yenyewe.

Tukaisogeza ndani, na hapo tukazalisha kosa baya kuliko la kwanza. Mstari wa mbegu ulikaa mwanzoni mwa funksheni ya duru, maana yake kila duru ilianza upya na mfululizo uleule. Kila seli ikawa inapata namba nasibu ileile kila duru, na kumuuliza jirani yuleyule siku zote. Duara lilisinyaa kidogo kisha likaganda katika umbo lisilo na jina. Seli za kwenye kona zilizotakiwa kubadilika zilikuwa zikiangalia ndani ya punje yao milele.

Sasa hatutumii kizalishi chenye kumbukumbu. Namba nasibu inakokotolewa moja kwa moja kutokana na vitu vitatu: mbegu ya mbio, namba ya duru, na namba ya seli, vikichanganywa kwa mtindo wa vizalishi vya kuhesabu kama Philox ya mwaka 2011. Faida yake ilionekana siku hiyohiyo: mbio ya uzi 1 na mbio ya nyuzi 8 (kazi zinazoendeshwa sambamba na kompyuta) zinatoa picha zilezile, seli kwa seli. Tofauti ikitokea, tunajua ni kosa la mgawanyo wa kazi wala si bahati nasibu.

Mgawanyo wenyewe ni wa rangi 4. Kila kipande cha 2 × 2 kina rangi zote nne, kwa hiyo seli mbili za rangi moja haziwi majirani hata kwa pembeni, na zote za rangi hiyo zinaweza kushughulikiwa kwa pamoja. Rangi 2 za ubao wa drafti hazitoshi ukiwa na majirani 8: seli zinazogusana kwa kona zina rangi moja, na uzi mmoja utasoma wakati mwingine unaandika. Mpangilio wa rangi unachanganywa upya kila duru. Kupita mstari kwa mstari kutoka kushoto kwenda kulia ni kosa la kawaida: namba moja inaweza kubebwa kutoka seli hadi seli ndani ya duru moja, na mipaka inaburuzwa upande wa msomaji.

Wiki ya 5: biti 16 hazikutosha

Mwanzo wa mbio ya punje nyingi kila seli ina namba yake, kwa hiyo tunahitaji namba 1,048,576. Safu ilikuwa imetangazwa kuwa ya biti 16, kwa tamaa ya kuokoa kumbukumbu. Biti 16 zinafika 65,535 kisha zinarudi sifuri, kama mita ya gari la zamani. Hakuna onyo lolote lililotokea.

Kosa hili halionekani kwenye picha, na ndiyo sababu tunaliandika kwa kirefu. 1,048,576 ni 65,536 mara 16 kamili, kwa hiyo kila namba ilijikuta kwenye seli 16. Kwa kuwa mstari una seli 1024, nakala zilikaa kwenye safu wima ileile, mistari 64 mbali. Mwanzoni karibu zote zinamezwa na hakuna athari. Lakini punje 2,000 zikibaki, hesabu ya uwezekano inatoa takriban jozi 29 za punje zisizogusana zenye namba moja. Eneo lao lilijumlishwa likawa eneo la punje moja kubwa yenye pande nyingi, na zilipokutana ziliungana bila mpaka.

Lililoumbua kosa ni wastani wa pande. Kwenye gridi iliyounganishwa kingo, mipaka ikikutana mitatumitatu, kanuni ya Euler inalazimisha wastani wa pande za punje uwe 6. Punje 2,000 zina mipaka 6,000. Ukizihesabu kimakosa kuwa 1,971, wastani unakuwa 6.09. Tulikuwa tukisoma 6.09 na kudhani ni makosa madogo ya gridi.

Safu sasa ni ya biti 32, kumbukumbu MB 4 badala ya 2. Akiba ya MB 2 haikustahili wiki nzima ya kazi. Pia kila tunapopima tunafanya ukaguzi: punje zinatafutwa upya kwa algorithimu ya Hoshen na Kopelman ya mwaka 1976, inayopanga seli zilizoungana, na idadi yake inalinganishwa na idadi ya namba zilizo hai. Zikipishana sana, mbio inasimamishwa.

Kupishana kidogo ni kawaida, kwa sababu joto hukata visiwa vya seli 1 au 2 kutoka mpakani. Visiwa hivyo si punje. Kabla ya kupima, tunanakili gridi, tunaipitisha kwenye duru 5 za kT = 0 ili visiwa vizame, kisha tunapima nakala na kuitupa. Mbio halisi haiguswi.

Kuhusu kuhesabu pande: hesabu majirani wa moja kwa moja tu, bila wa pembeni. Pale punje nne zinapokutana kwenye kona moja, jirani wa pembeni anahesabiwa kuwa upande ilhali hakuna mpaka wenye urefu, na wastani unapanda juu ya 6 hata msimbo ukiwa sahihi.

Wiki ya 7: kipeo, na jinsi ya kujidanganya kwa grafu ya logi

Burke na Turnbull mwaka 1952 walitoa sheria inayotarajiwa: R² − R0² = kt, ambapo R ni wastani wa nusu kipenyo, R0 ni wastani huo mwanzoni, t ni muda, na k ni namba isiyobadilika (si ile ya kT). Muda ukiwa mrefu, R inakua kama t kwa kipeo cha 0.5. Ripoti ya Anderson na wenzake ya mwaka 1984 ilipata 0.41, na pengo hilo lilizua maswali mengi. Baadaye, kwa mbio ndefu na gridi kubwa zaidi, matokeo ya modeli hii yalisogea kuelekea 0.5.

Tulipochora R dhidi ya duru kwenye mizani ya logi na kupitisha mstari, nasi tuliona kipeo cha chini ya 0.5. Kabla ya kulaumu modeli tulifanya hesabu hii. Tuseme sheria ni sahihi kabisa, na x ni kt gawanya kwa R0². Mteremko unaoonekana kwenye mizani ya logi ni 0.5x/(1+x). Kwa x = 1 unasoma 0.25; kwa x = 4 unasoma 0.40; kwa x = 9 unasoma 0.45, ili usome 0.495 lazima x ifike 99. Yaani punje lazima zikue mara 10 kwa nusu kipenyo tangu mahali pa kuhesabia ndipo grafu ya logi iseme kweli. Gridi ndogo inaishiwa punje kabla ya hapo.

Kwa hiyo hatusomi kipeo kwenye mizani ya logi. Tunachora R² dhidi ya duru na kuangalia kama mstari umenyooka. Sehemu ya mwanzo inatupwa: tunaanza kusoma wastani wa eneo ukifika seli 100, kwa sababu kabla ya hapo gridi bado ni vurugu ya seli mojamoja na hakuna mipaka ya kuzungumzia. Tunasimama zikibaki punje 500, ambapo wastani wa eneo ni karibu seli 2,100. Ukiendelea chini ya hapo, kelele ya takwimu inazidi, na punje kubwa zinaanza kujigusa kupitia kingo zilizounganishwa. Katika dirisha hilo mstari wa R² ulinyooka kwa mbio zote 10. Mkunjo ulijitokeza mara moja tu, katika mbio nyingine ambayo kT ilisahauliwa kwenye sifuri.

Mgawanyo wa ukubwa tuliukagua kwa kugawanya kila R kwa wastani wa wakati huo na kulaza histogramu za nyakati tofauti moja juu ya nyingine. Zinalaliana. Mkunjo wa Hillert wa mwaka 1965, ambao kwa dimensheni mbili (urefu na upana tu) unakata kabisa kwenye mara 2 ya wastani, ni mkali na mwembamba kuliko wetu. Hilo ni la kawaida kwa uigaji wa aina hii na hatulihesabu kuwa kosa.

Wiki ya 8: sheria ya n − 6

Hii ndiyo kaguzi tunayoiamini kuliko zote. Von Neumann mwaka 1952, kwa mapovu, na Mullins mwaka 1956, kwa punje za metali, walionyesha kwamba katika dimensheni mbili kasi ya kubadilika kwa eneo la punje haitegemei ukubwa wake wala umbo lake, inategemea idadi ya pande n peke yake: ni (π/3) mara wepesi wa mpaka mara nishati ya mpaka mara (n − 6). Punje ya pande 6 haikui wala haisinyai. Ya 5 inapungua, ya 7 inaongezeka, kwa kiasi kilekile.

Duara la wiki ya 3 ni punje isiyo na pande, n = 0. Kasi yake c ni ya sehemu 6 kamili. Basi kila kitu kimeshapimwa: punje ya pande 5 lazima ipoteze c/6 kwa duru, ya 4 ipoteze c/3, ya 3 ipoteze c/2, ya 8 iongezeke c/3. Hakuna namba ya kurekebisha ili grafu ipendeze. Msimbo ama unapita ama unashindwa.

Utekelezaji una mitego. Punje hubadilisha idadi ya pande kila jirani anapotoweka, kwa hiyo tunapiga picha mbili zilizo karibu na kutumia tu punje ambazo n yake ni ileile kwenye picha zote mbili. Muda kati ya picha ukiwa mfupi mno, mtetemo wa joto unafunika mabadiliko. Ukiwa mrefu mno, punje ndogo zinatoweka kabla ya picha ya pili, na wanaobaki kwenye kundi la pande 3 ni wale waliobahatika kusinyaa polepole. Wastani wa kundi unaegemea upande wa walio hai. Tunachagua muda ambao duara lingepoteza kama seli 300, kisha tunajumlisha vipindi vingi. Punje moja moja zinatawanyika sana; ni wastani wa kundi unaofuata mstari.

Mstari ulipita kwenye 6, na mteremko wake ukakaribia c/6 kwa makundi ya pande 4 hadi 9. Kundi la 3 lilipungua polepole kuliko inavyotakiwa. Punje hizo ni ndogo, nyingi zina seli chache tu, na makutano ya mipaka kwenye gridi hayawezi kushika nyuzi 120 katika nafasi finyu hivyo. Tukiondoa punje zenye eneo chini ya seli 50, pengo linapungua.

Tulirudisha pia kosa la biti 16 makusudi na kulipitisha kwenye kaguzi hii. Makundi ya pande 10 na zaidi yalivurugika papo hapo: punje mbili za pande 6 zilizojumlishwa zinaonekana kuwa ya pande 12, ambayo ingepaswa kukua kwa c, ilhali hazikui kabisa. Grafu ya R² kwenye mbio hiyohiyo ilibaki imenyooka.

Wiki ya 10: chembe ngeni

Kwenye kazi za viwandani ukuaji huzuiwa makusudi kwa chembe ndogo zisizoyeyuka. Mpaka unaopita juu ya chembe unaokoa urefu, na kujinasua kunagharimu. Jina la Zener limeshikamana na wazo hili tangu Cyril Stanley Smith alipolichapisha mwaka 1948: ukubwa wa kikomo ni takriban 4r/3f, ambapo r ni nusu kipenyo cha chembe na f ni sehemu ya ujazo zinayochukua.

Chembe zetu ni miraba ya 3 × 3. Kwa f ya asilimia 1 tunaweka 1,165, jumla seli 10,485, mahali nasibu, na inayogongana na nyingine inawekwa upya. Wastani wa nafasi kwa chembe ni eneo la 30 × 30. Seli za chembe zina namba 0 na hazijaribiwi kamwe.

Hilo lilikuwa nusu tu ya sharti. Kwenye mbio ya kwanza chembe zilivimba kama mikate kwenye oveni. Seli ya chembe haikubadilika, lakini jirani yake aliruhusiwa kuiga namba 0, na akiiga anakuwa chembe, kisha hajaribiwi tena. Kila hatua ya namna hiyo ni ya kudumu. Jirani aliyechaguliwa akiwa na namba 0, jaribio lazima litupwe. Tumeongeza pia hesabu ya seli zenye 0 kila duru 100. Ikiwa si 10,485, mbio inakufa.

Baada ya hapo ukuaji ulianza kama kawaida, ukapungua kasi, ukasimama. Usitafute 4r/3f kwenye matokeo ya dimensheni mbili: kanuni hiyo ni ya ujazo. Hapa chembe moja inaushika mpaka kwa nguvu, na kikomo hufuata nafasi kati ya chembe, yaani f kwa kipeo cha −1/2. Kwa asilimia 4 badala ya 1, nafasi inashuka kutoka 30 hadi 15, na kikomo kinatarajiwa kuwa nusu. Mbio za f ya 0.5, 1, 2 na 4 zimepangwa. Ile ya 0.5 ndiyo inayokula muda, kwa kuwa punje zinakua sana kabla ya kusimama na gridi ya 1024 inakuwa ndogo. Itarudiwa kwenye 2048.

Wiki ya 11: kuingia ujazo

Gridi ni 256 × 256 × 256, seli 16,777,216, kumbukumbu MB 64 kwa biti 32. Majirani ni 26, rangi ni 8. Uzito wa majirani wa uso, wa ukingo na wa kona bado haujaamuliwa. Kwa sasa wote ni 1, na hesabu ya upendeleo kwa pande zote za ujazo inaandaliwa kama ile ya wiki ya 2.

Sheria ya n − 6 haihamii kwenye ujazo kama ilivyo. MacPherson na Srolovitz waliipanua mwaka 2007, lakini fomula yao inataka kipimo cha upana wa wastani wa punje na jumla ya urefu wa kingo zake, vitu vigumu kupima kwenye gridi ya ngazi. Kwa hiyo kaguzi ya kwanza ni tufe: nusu kipenyo 100, katikati ya gridi. Mpindo wa tufe ni maradufu ya ule wa duara, basi R² inapaswa kushuka kwa mstari ulionyooka, na ujazo kwa kipeo cha 2/3 vilevile.

Mbio ya kwanza ya tufe imekwenda hadi nusu kipenyo cha 60. Mstari umenyooka, lakini tufe limeanza kuonyesha nyuso bapa upande wa mihimili mitatu kwenye kT tunayotumia. Mbio inayofuata itapandisha joto kwa hatua ndogo, tufe moja kwa kila hatua, na kuandika joto ambalo nyuso zinatoweka kabla visiwa havijaanza kujitenga kutoka mpakani.